Saa Niliyoandika kwenye Chupa ya Karoli

Jumanne, 3 Machi 1992
Asubuhi kama kawaida. Nimeosha chupa, nimezijaza fomoli, dawa ya kuzuia nyama isioze. Dokta wa laboratwari hawezi kitu bila mimi. Nimemwambia hivyo na yeye mwenyewe. Kacheka.
Saa nne nimetumwa hospitali kuchukua kipande cha shemeji Karoli, mume wa dada. Wamemkata kwenye ile tezi ya kiume inayomzibia mkojo. Fomoli iliwaishia. Wakanipa kipande kwenye chupa kavu, wakasema kimbia.
Nimepitia mtaa wa Gisimenti kidogo.

Jumatano, 4 Machi
Niandike ukweli, humu hanisomi mtu. Kidogo ile ilikuwa saa tatu nzima. Chupa iko mezani kati ya bia, jua linaipiga. Niliwaambia mimi ndiye ninayesoma nyama, dokta anatia sahihi tu.
"Na hii ya nani, daktari?" akauliza mwenye baa.
Nikataja jina. Jina lote. Fundi mmoja wa Gikondo akasema, "Kumbe Karoli ni mdogo hivi." Wakacheka. Na mimi nikacheka.
Fomoli nimeitia saa nane. Kwenye karatasi nimeandika saa nne na nusu.

Jumatano, 11 Machi
Dokta amekipaka kipande dawa mpya ya rangi. Kaniita kwenye mikroskopu, mara ya kwanza tangu nianze kazi. Ni hivi: tezi hiyo ina protini yake, na dawa inaigeuza kahawia. Saratani ikiwa ya pole, kahawia inabaki. Ikiwa kali, inapotea. Cha Karoli hakina kahawia hata tone.
"Ni ile kali. Pole, muzee."
Halafu akasema kipande kikichelewa kuingia fomoli nacho hupoteza rangi, ila hiki kiliwahi, nimeandika mwenyewe.
Nikaitika ndiyo.

Alhamisi, 12 Machi
Jumatatu watamtoa korodani, eti ndizo zinazoilisha saratani. Dada analia. Speransi, binti yao, kanishika mkono: "Mjomba, wewe unajua mambo haya. Hakuna njia nyingine?"
Nikamwambia nimeona watu mia wakipona kwa njia hiyo. Sijaona hata mmoja.
Mimi ni mtu bure.

Ijumaa, 13 Machi
Sikula. Naogopa kufukuzwa kazi. Naogopa zaidi dada ajue habari ya baa.

Jumamosi, 14 Machi
Nimemwendea dokta. Nilianza na askari wa barie, kizuizi cha barabarani, eti walinizuia, eti nikawapigia Kifaransa mpaka wakanipigia saluti. Alinisikiliza tu. Katikati maneno yakaniishia. Nikasema nilikuwa baa, fomoli nimeitia saa nane.
Hakupiga kelele. Kafuta saa yangu, kaandika saa nane, kapiga simu hospitali: msimkate, tuchukue kwanza kipande kingine. Kisha akasema, "Kwa Karoli utakwenda mwenyewe."
Nikapanda Gatsata, nyumbani kwao. Nimesema yote, hata kicheko changu. Dada akatoka nje.
"Uliwaonyesha?" akauliza Karoli.
Hilo tu. Habari ya saa hakuuliza.

Jumanne, 17 Machi
Wamemchukua kipande cha pili. Safari hii fomoli ilikuwepo. Chupa kaibeba Speransi. Nilinyoosha mkono, akaihamishia upande wa pili.
Jioni homa imempanda Karoli.

Alhamisi, 26 Machi
Kahawia. Kahawia tele, nimeiona kwa macho yangu. Saratani ipo, lakini ya pole. Korodani hawazigusi kwa sasa, watakuwa wanampima tu.
Nimelia chooni kazini. Siku tisa za homa, kwa kisu ambacho hakikuhitajika. Hizo ni zangu.

Jumapili, 29 Machi
Gatsata. Mvua. Homa imeshuka, ila Karoli bado ana mpira wa mkojo. Speransi kanifungulia mlango, hakusema mjomba. Nimekaa kwenye kibao karibu na kitanda.
Baadaye Karoli akasema mfuko umejaa. Nimeumwaga, nimeufunga tena pale pale. Akageukia ukutani, akalala.
Nimekaa mpaka mvua ilipokatika.