Maziwa ya Mukandutiye

Mushauri mupendwa, naomba musaada wako, mimi ni musichana wa Mbugangari, nasoma Kifaransa na Kiswahili lakini mbele ya watu mudomo unajifunga, ndiyo maana naandika. Tangu homa hii ya mafua iingie kwetu watu hawanunui tena kama zamani, vitambaa hakuna anayevishika, wanasimama barabarani wanaita chumvi, sabuni, ndimu, halafu wanakimbia nyumbani. Mimi kila asubuhi nilikuwa nanunua maziwa sokoni kwa mama Mukandutiye wa Nyamyumba, naye anaonja kwanza kwa kata yake ya kuchotea mbele yako, kama desturi, ujue hakuna sumu, halafu anakupimia kwa kata ile ile. Bon, mwalimu akatukataza kunywea chombo kimoja na mutu mwingine, nami niliona haya kumuambia mukubwa hivyo, basi nikampita bila salamu, nikanunua maziwa ya kopo dukani. Wamama wakaniona. Wakasema, "Yule wa masomo hanunui tena kwake, iko kitu anajua." Sasa wote wanasema maziwa yake yana sumu, hakuna anayesimama. Jana akaniita, "Mwana wangu, nilikukosea nini?" Niliinamisha kichwa, nikaenda, na nilipogeuka nikamuona anayamwaga nyuma ya ukuta wa soko. Nikisema kweli watanicheka, nikinyamaza atakufa njaa. Nifanye nini?

Saidati

JIBU

Saidati, haya humpamba msichana, lakini yako imemvua mwenzio riziki. Mwalimu hakukosea, na kuogopa mafua si dhambi. Umekosa kwa kunyamaza, mpaka wengine wakakusemea. Unajua vizuri kwamba kwetu kumwaga maziwa ni mwiko, mtu hayamwagi hivi hivi.

Kesho nenda soko likijaa, si kabla. Chukua chombo chako na kikombe kimoja. Simama mbali kidogo, msalimie kwa adabu, na useme wamama wasikie: "Mama, nisamehe. Niliogopa mafua, sikuogopa maziwa yako." Mpe kikombe, ajimiminie, aonje, kibaki kwake. Kisha akupimie kwa kata isiyoguswa mdomo. Desturi imetimia, na mafua yamekosa njia. Ukifika nyumbani, yachemshe.

Watacheka? Wacheke. Ukitetemeka, tetemeka papo hapo mbele yake. Asipokujibu, nunua hata hivyo, na kesho yake urudi. Kopo lako liache kabatini, mwanangu. Lile linangoja. Maziwa ya Mukandutiye hayafiki jioni.