Mwamba Umefunguliwa, Dada Mize

Dada Mize,

Kama huko uliko hawajakwambia, nikwambie mie nduguyo: shehia yako siku hizi inaendeshwa kutoka Jeddah. Sheha mpya yupo, yule mwalimu wa skuli, kijana mzuri, muhuri anao. Lakini likitakiwa neno zito, simu inalia huku mtaa wa Ghulail, chumbani kwangu. Watu wa baraza ya hapa wote wanajua.

Mwamba umefunguliwa, dada! Ule mwamba wa pweza ulioufunga mwenyewe kwa miezi mitatu, pweza wakue, ukachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, kisha ukatutoka kabla muda haujesha. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilikuwa haijatoka, nisingeweza kusafiri, nikakuzika kwa simu. Hilo bado linaniuma, tuliache.

Hukumaliza hata arubaini, maneno yakaanza: sheha kafa, na mwamba umekufa naye. Wenye michokoo, vijiti vya kuchokolea pweza, wakaanza kuchungulia. Nani atawazuia, mwalimu na chaki yake?

Akakamatwa mtu mwambani. Kaa vizuri, dada. Makame. Makame wako wa kumzaa, mtu na ndevu zake, pweza bado anamzongazonga mkononi!

Kamati ikakaa skuli. Bi Riziki, mkuu wa kamati ya wavuvi, unaujua mdomo wake, akanipigia, akaiweka simu mezani kijiji kizima kisikie. "Mjomba mtu, huyu hana mama tena, wa kumsemea ni wewe. Tumsamehe? Au siku ya kufungua asitie mguu majini, akae pwani awabebee wanawake vikapu? Sema, au joto la Uarabuni limekukausha ulimi?"

Mie niko ndani ya gari, mtaa wa Al-Hamra, namngoja madamu, mke wa tajiri wangu, atoke saluni. Akisamehewa mwanao, kesho yake mwamba mzima umechokolewa, na kazi yako yote imekwenda na maji. Akiadhibiwa, mtoto wako kaaibika mbele ya watu, na mjomba wake ndiye aliyemtoa. Nikakukumbuka ulivyoninyang'anya mchokoo tulipokuwa wadogo, nilipomkuta pweza kalalia mayai. "Huyu mwache, Haji. Huyu ana watoto." Nililia mpaka nyumbani, ukanibeba mgongoni.

Basi adhabu ikapita! Makame kabeba vikapu, dada, kutwa nzima, wanawake wanamcheka, "Haya sheha mtoto, kaza mwendo!" na yeye anacheka nao. Na mwamba haukuguswa na mtu mpaka siku yake. Pweza waliotoka, wallahi, mmoja alipakiwa kwenye gari ya punda, mikono yake ikaburura mchanga mpaka mnadani, na punda akagoma. Nimewasimulia madereva wenzangu Riyadh, kule maghala ya Al-Sulay nilikopeleka mizigo ya kafili, yule tajiri wangu. Mkenya mmoja akaniuliza, "Anko, huyo ni pweza ama ni trela?" Wivu tu.

Na wameufunga tena! Mikono juu, hakuna aliyebisha, hata wale wachunguliaji. Mwalimu kachomeka vijiti mwenyewe, suruali imemloa mpaka kiunoni. Zamu ya kwanza ya ulinzi kapewa Makame, analalamika mbu.

Lala, dada. Mungu akupe nafasi. Nakuahidi ikama ikikaa sawa nakuja, niingie majini kwa miguu yangu, na Makame nitamwangalia kama ulivyoniangalia mie.

Ila wewe sikufichi. Hapa barazani nimewaambia kwamba siku ile nilinguruma kwenye simu, "Abebe vikapu!" hata meza ikatikisika kule skuli. Nilikohoa tu, dada. Bi Riziki akasema, "Haya, mjomba kakubali vikapu, andikeni."

Nduguyo,
Haji