Kihispania cha Wifi

Jumatatu, 10 Agosti 1992
Kahawa mpaka mchana. Baridi. Wifi Marisol amechuma mbichi na mbivu pamoja, mama kanuna. Nikamwonyesha: nyekundu ndiyo, kijani hapana. Akacheka. Roja, sí. Verde, no. Nimepata maneno mengine mawili. Sasa najua kijiko, kisu, chumvi, moto, njoo, kaa, nimechoka. Yeye Kiswahili kinampiga chenga. Kaka Flori angemfundisha, lakini kazi ya hospitali inamweka Moshi mjini, huku kwetu Kibosho anapanda Jumamosi tu. Alikwenda Kuba kusomea udaktari, akarudi na mke na mtoto, akatuachia. Basi najifunza mimi.

Alhamisi, 13 Agosti
Kuku mmoja amekufa. Murió. Marisol hakuniacha mpaka nikalitamka sawasawa.

Jumapili, 16 Agosti
Flori yupo. Yanet, mtoto wao, alimkimbilia akiita tío, tío. Neno hilo Marisol alinifundisha majuzi tu, tukiangalia picha za familia: ndugu wa baba au wa mama. Ajabu. Labda kwao baba huitwa hivyo.
Baada ya misa Mama Roza, jirani yetu, akaleta maziwa. Kama kila Jumapili, Marisol akiwa jikoni, akauliza habari za mwanawe Deo. Waliondoka pamoja na Flori kwenda kusoma. "Anamalizia masomo, mama," Flori akasema, macho chini. "Barua za huko zinapotea sana." Mama Roza akampakata Yanet mpaka maziwa yakapoa.

Jumanne, 18 Agosti
Niandike tu.
Tulikuwa tunafua. Nikatunga sentensi yangu ndefu kuliko zote: mumeo anakuja Jumamosi, umefurahi? Marisol akaacha kufua. Mi marido murió, mume wangu amekufa. Nikacheka! Nikamsahihisha: hapana wifi, hilo ni la kuku. Hakucheka. Akarudia polepole, vile ninavyorudia mimi akikosea. Kisha akaongeza neno nisilolijua. Nikatikisa kichwa. Akachukua soksi ya Yanet, akaizamisha kwenye beseni, akaishikilia chini. Mapovu yakapanda. Yakaisha. El mar, akasema. Bahari.
Nikauliza ni nani. Deo.
Nikauliza tena. Deo. Akamwonyesha kwa kidole Yanet, anafukuza vifaranga hana habari. Binti wa Deo.
Nilimaliza kufua. Sijui nilifuaje.

Jumatano, 19 Agosti
Mama sijamwambia. Labda nimeelewa vibaya, maneno yangu yote ni ya jikoni. Leo nimeuliza upya, kwa mikono, kwa picha, kwa kuchora chini. Ni vilevile. Deo alizama. Flori alimwoa Marisol ili aweze kuwaleta huku, yeye na mtoto, kwa wazazi wa Deo. Halafu akamwambia wazazi hao wamehamia mbali, Sanya Juu, watakwenda akipata likizo.
Sanya Juu! Moshi wa jiko lao unapita juu ya migomba yetu.
Nikamwambia. Yule mama wa maziwa. Ndiye. Ndoo ikamtoka mkononi. Akakaa palepale kwenye tope, ameziba mdomo. Yule mama amempakata mjukuu wake wiki hadi wiki, akamshukuru mama yangu kwa kumwazima mtoto. Nilitaka kusema pole. Sikujua inasemwaje. Nikakaa naye topeni.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimemsubiri Flori njiani. Sikumwamkia.
"Wifi ameniambia," nikasema.
"Kwa lugha gani?"
"Kwa hiyo hiyo yake."
Akakaa juu ya jiwe, daktari mzima, akalia kwa sauti. Siku ya kuondoka Mama Roza alimkabidhi Deo: mrudi wote. Deo hakujua kuogelea. Flori alikuwa pale pale ufukweni. Anasema kila Jumapili alikuja amejiandaa kusema, kila Jumapili akamwona yule mama na mtoto mapajani. Ninamhurumia. Hasira imezidi huruma. Nimemwambia kesho asiposema yeye nitasema mimi.

Jumapili, 23 Agosti
Amesema. Nyumbani kwa wazazi wa Deo, mbele ya padre na mama. Mama yangu ilibidi ashikwe. Baba Roza, baba yake Deo, alipiga kelele mpaka watu wakaja kutoka barabarani. Amemfukuza Flori kwenye kihamba chake, shamba la ukoo wao, asikanyage tena.
Mama Roza alimtazama Yanet tu. Hilo ndilo limenitisha. "Na huyu?"
"Ni wake, mama," Flori akasema.
Akamvua Yanet kofia. Akampapasa masikio, moja, kisha la pili. Ni ya Deo yale. Akamkumbatia.

Jumatano, 26 Agosti
Misa ya Deo. Hakuna jeneza, alizikwa Kuba. Watu hawajui waangalie wapi. Mimi pia.

Jumanne, 1 Septemba
Waombolezaji wametawanyika. Baba Roza bado hasemi na Flori. Huenda hatasema tena.
Leo asubuhi Mama Roza amekuja bila kubisha, akakaa jikoni na Marisol, wakamenya ndizi. Mvua nyepesi. Baada ya muda akaniambia, "Adela, niulizie kitu kimoja. Nani alimuosha?"
Neno la kuosha maiti silijui. Nikatumia la kufua nguo, aibu imenijaa. Marisol alielewa.
"Yo," akasema, akagusa kifua.
Sikutafsiri. Mama Roza alivuta kigoda chake karibu na cha Marisol, akachukua ndizi nyingine.