Mama, Jino Lilikuwa na Kitu

Mama,

Leo Nekesa amekuja kliniki kutoka Nateete, shavu limevimba na porojo haziishi. Ni jino lilelile lako, dogo la chini kushoto, lile linalotangulia magego. Nilimwambia atulie nimpige eksirei. Unamjua mwanao. Akageuza kichwa kumcheka mtu aliyekuwa akigombana na bodaboda pale nje, picha ikatoka ya ubavu.

Nilitaka kuirudia. Kisha nikaona. Mfereji wa mzizi, unamopita neva, ulishuka mmoja hadi katikati, halafu ukagawanyika miwili, mmoja umejificha nyuma ya mwenzake. Ukipiga picha ya mbele tu, unaona mmoja. Yako niliipiga ya mbele tu.

Naikumbuka, Mama. Ule mstari mweupe wa dawa niliyokuzibia umenyooka, nikakuonyesha kwa maringo. Ukafurahi, ukarudi sokoni Owino kwenye mashuka yako ya mitumba. Baadaye ukaja, ukaniita daktari kwa Kiganda kama kawaida yako: "Musawo wangu, hii jino bado iko na kitu ndani." Nikakwambia nimeshatoa neva yote, ni mawazo yako tu. Ukanijibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ukachukua mkoba ukaenda zako.

Na tulifundishwa! Jino hilo kwa kawaida lina mfereji mmoja, lakini wako wengi wenye miwili, kwa hiyo mgonjwa akilalamika, sogeza mashine upige kwa ubavu. Ungekuwa mgeni, ningeisogeza. Kwa kuwa ulikuwa mama yangu, nilikunyamazisha.

Presha ndiyo iliyokuchukua, si jino, hilo najua. Lakini ulitafuna upande mmoja mpaka mwisho, hata gonja, ndizi ya kuchoma, ukaichovya kwenye chai. Nekesa alikuwa akikukemea: "Mama, wacha kudeka, daktari amesema hakuna kitu." Daktari mwenyewe ndiye mimi. Na matangani, wenzako wa sokoni walipokuigiza unavyoshika shavu huku ukipatana bei, watu walicheka. Nami nilicheka.

Naona haya kukuandikia linalofuata. Leo, kabla ganzi haijamshika sawasawa, Nekesa ameniuliza, "Na ya Mama ilikuwa hivi?" Nikamjibu, "Kila mtu na meno yake." Nikainama, nikaendelea kuusafisha ule mfereji wa pili, uso unaniwaka chini ya barakoa. Alipoondoka alinikumbatia. Akasema laiti Mama angeniona leo.

Yaani umeshalala kaburini, na bado nakunyamazisha.

Jumamosi anarudi nimzibe jino. Sitaanza na sindano. Nitamwambia kwanza, wakati mdomo wake bado una nguvu za kunijibu: Mama hakuwa anadeka, jino lake lilikuwa kama lako, mimi ndiye niliyekosea. Atanitukana, unajua anavyotukana. Atalia pia, kwa yale aliyokuwa akikukemea kwa neno langu. Nitakaa palepale kwenye kiti changu nimsikilize mpaka amalize, jinsi ambavyo wewe sikukusikiliza.

Kisha nitakwenda Owino kwa wale mama wenzako, niwaambie na wao. Wakikuigiza tena, waigize mtu aliyekuwa anaumwa.

Pumzika, Mama. Nisamehe ukiweza. Hiyo jino ilikuwa na kitu ndani.

Musawo wako