Picha ya Shingo Yangu Kabatini

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi naye? Mama yu mzima, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Mimi, nisikudanganye, sijambo ya mdomoni tu. Na usiucheke mwandiko huu kama kuku kapekua. Sababu yake utaijua.

Picha za arusi ya binti yako zimefika. Nguo nilizowashonea zimewakaa vizuri wote kumi na wanne, na bibi arusi kapendeza mno. Nililia kwa furaha. Hiyo ilikuwa kabla ya Alhamisi.

Alhamisi nilitafuta karatasi ngumu ya kukatia kola. Kabatini mwa mdogo wetu Chiriku, chini ya mashuka, nikakuta bahasha ya hospitali yenye jina langu. Ni ile picha ya shingo niliyopigwa Februari, nilipolazwa ndani ya lile bomba linalogonga kama mafundi bati. Majibu aliyafuata yeye, akarudi kuniambia ni misuli tu, nibadilishe mto. Nimebadilisha mito mitatu, mjinga mimi!

Nikaipeleka kwa daktari. Akaiweka kwenye taa, akanionyesha kati ya pingili ya tano na ya sita: kile kisahani laini cha gegedu kimechomoza, kinabana mishipa ya fahamu ya mkono. Majibu yaliandikwa wazi kwamba nisiiname kazini, nirudi baada ya wiki mbili. Akaniuliza miezi minne nilikuwa wapi. Nilikuwa nimeinama, Kaka, natia shanga gauni la mwanao.

Chiriku, ambaye siri haimkai kinywani hata dakika, hii kaiweka miezi minne! Nilipombana akalia, akasema ni wewe uliyemwambia kwa simu, "Mwache amalize nguo kwanza, tusimshtue." Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mngeniambia, ningetafuta fundi wa kunisaidia, gauni nikalikata mwenyewe. Mngeniuliza tu. Imeniuma sana.

Napasuliwa Jumanne. Maumivu yatapungua, daktari anasema, ila vidole vya kulia hakuniahidi. Hata mkasi unaniponyoka.

Msalimie wifi. Bibi arusi usimwambie kitu, hana kosa. Mwambie tu alitunze gauni lile, huenda ndilo la mwisho nililoshona.

Mungu akulinde, nami anipe moyo wa kukusamehe, maana leo sina.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
kwa mkono wa kushoto.