Kwa nini nilikataa udaktari

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mama yako amevuna mahindi vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi nguvu zinaniishia, kwa hiyo nikujibu sasa.

Unauliza kama uache uhandisi usomee udaktari, upate kusaidia wagonjwa. Nikwambie nisichomwambia mtu: nafasi ya udaktari niliipata, nikaikataa, nikasoma fizikia.

Kaka yangu Marwa alikuwa akisinzia malishoni, watu wakamwita mvivu. Watafiti wa malale, ugonjwa wa usingizi, walipofika kijijini kwetu Machochwe, daktari alitazama damu yake kwa hadubini asione kitu. Fundi wao akaitia kwenye kimrija, akakizungusha kwa kasi katika mashine ya mkono. Chembe nyekundu, kwa uzito wake, zikazama. Vimelea vya malale vikabaki juu yake kwenye utando mwembamba. Daktari akatazama hapo tu.

"Wadudu hawa hapa!"

Marwa akacheka. "Kumbe wamejificha kama wezi wa ng'ombe!"

Daktari ndiye aliyemtibu, simnyimi sifa. Lakini mimi nilitaka kuwa yule anayemwonyesha pa kutazama.

Ugonjwa wangu huu madaktari wameuona ukiwa umeshakomaa. Baki kwenye uhandisi, Bhoke, uunde kitakachowaonyesha mapema.

Ni mimi, babu yako.