Mtoa Taarifa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeamka saa kumi na moja. Sala, chai, sura ya nne. Tasnifu ya uzamivu inawasilishwa Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri. Nimekwisha kuongezewa muda mara mbili. Hakuna mara ya tatu. Nina miaka sitini na sita.

Sura ya nne ndiyo nguzo ya kazi nzima. Mazishi ya Yohana Kondo, Mzenga, mwaka jana. Mkristo pekee katika ukoo wa Waislamu. Mzee mmoja mwenye kanzu na kofia alisimama kando ya kaburi akamtukana marehemu: "Lala, mvivu wewe. Ulikimbilia kwa mchungaji ukidhani huko hakuna jembe." Nilisikia kwa masikio yangu. Hoja yangu: ukoo haumsamehi aliyebadili dini, hata akifa.

Jumanne, 9 Septemba
Dk. Neema amepiga simu. Ni msimamizi wangu. Nilimfundisha darasa la saba. Anasema kila mtu niliyemnukuu lazima asomewe maneno yake na atie sahihi. Amebaki mmoja. Mtoa Taarifa wa Kumi na Nne, yule wa kanzu. Sikuwahi kuzungumza naye. Nimeudhika, na Neema hakukosea.

Jumatano, 10 Septemba
Nimetoka Misugusugu alfajiri. Mzenga saa nne. Nimemwamkia Bi. Mwajuma, dada mkubwa wa marehemu, nikamsomea ukurasa ili anielekeze kwa mzee yule. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Mwalimu, yule ni Maganga. Mnyamwezi, mtani wetu. Asingemtukana ndugu yangu, hapo ndipo ungeandika kwamba tumemtupa."

Akaongeza kwamba Maganga aliondoka na jogoo wake, haki ya mtani, na kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kupanda gari. Ni kweli. Niliwahi kikao cha usharika. Sikungoja hata chakula.

Maganga amekwenda Kibuta. Sikumkuta.

Nimeona haya. Kwetu Upareni tuna watani. Walimtukana baba yangu kaburini, nikacheka huku nalia. Mzenga niliona kofia, nikaacha kuuliza.

Alhamisi, 11 Septemba
Sikula mchana. Watahini hawamjui Maganga. Bi. Mwajuma hasomi tasnifu. Sahihi moja ikikosekana, Neema anaweza kuiombea udhuru. Nimeyaandika haya ili niyaone yalivyo mabaya.

Nimempigia Neema, nimemweleza yote. Akasema: "Mwalimu, tukiitoa sura ya nne hatuna tasnifu. Usajili wako unakufa kesho."

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso. "Baba Elibariki, mwanafunzi wako angeleta sura kama hiyo, ungempa alama ngapi?"

Nilimkasirikia mchana kutwa.

Ijumaa, 12 Septemba
Saa mbili: nimechapa barua. Saa tano: nimeichana. Saa saba: nimeichapa tena. Saa nane na nusu tasnifu ilikuwa mezani, imejalidiwa, jina langu kwa herufi za dhahabu. Nimeiangalia mpaka saa tisa ikapita.

Nimetuma barua tu. Nimeandika kwamba sura ya nne si kweli na kosa ni langu.

Neema amejibu: "Ndiyo, Mwalimu." Basi.

Jumamosi, 20 Septemba
Mzenga. Maganga alikuwa uani, anapukuchua mahindi. Mzee kunizidi, nilimwamkia, akaitikia. Nilimweleza nilichoandika juu yake. Hakukasirika. Alinisogezea kigoda na gunzi la kupukuchulia.

"Mwaka mzima umeniandika, leo ndiyo unauliza jina?"

Tulipukuchua hadi adhuhuri. Alinisimulia habari za Yohana. Walilima pamoja tangu ujana. Usajili mpya wa chuo utafunguliwa mwakani. Sijui kama watanipokea.

Nimefungua daftari jipya. Mstari wa kwanza: Maganga Kasanda, mkulima, Mzenga. Chini yake sijaandika kitu.